Jina Lililobaki Kwenye Seva

Kila Jumamosi saa tatu asubuhi tulivua viatu mlangoni. Madam Perez, msimamizi wa kituo chetu cha vitabu na kompyuta pale Gitothua, hakuruhusu hata kiatu kimoja kivuke kizingiti. Alisema vumbi jekundu la Ruiru lina njaa ya kompyuta. Basi viatu vilipangwa ukutani, na soksi zetu zilizotoboka zikajulikana na kila mtu. Mimi, Naliaka wa darasa la saba, nilifika kabla ya wote kwa sababu ufunguo ulikuwa wangu. Nilifungua mlango, nikaondoa vitambaa vilivyofunika mashine, nikapanguza meza, kisha nikawasha seva.

Seva ilikuwa ile kompyuta kubwa ya pembeni iliyotunza kazi zetu zote. Kompyuta nyingine hazikutunza chochote. Zilipotaka faili, ziliiomba seva kupitia waya uliopita chini ya meza, nayo ikazipa.

Mwaka huo, 1999, kulikuwa na shindano la insha. Mshindi angesomeshwa bure katika shule ya bweni kule Thika, kidato cha kwanza hadi cha nne. Rafiki yangu Nadira alikuwa darasa la nane. Mama yake, aliyeitwa Mwanarusi, alikuwa mchuma kahawa katika mashamba ya hapo Ruiru, na bila nafasi ile masomo ya Nadira yangeishia Novemba. Nataka ukumbuke hilo, kwa maana watu wazima walilisahau upesi sana.

Mwaka uliotangulia mpwa wa mwamuzi mmoja ndiye aliyeshinda, kwa insha ambayo hata mtoto wa darasa la nne angeisahihisha. Mwalimu Mulei, aliyetufundisha kompyuta, alikasirika akasema mchezo huo umekwisha. Safari hii kila insha ilipewa namba tu, na hata sisi wenyewe hatukuambiwa namba zetu. Waamuzi wangesoma bila kujua wanamsoma nani. Aprili Mwalimu Mulei akasafiri kwenda India kusoma, bila kuacha namba ya simu, akaacha karatasi kwenye meza ya Madam Perez: "Jina la kila mwandishi limo ndani ya faili lake."

Mwezi wa Mei tuliletewa kompyuta mpya kutoka ofisi moja ya Thika. Madam Perez aliniagiza nihamishie huko insha zote, nilinganishe ukubwa wa kila faili, halafu nizifute zile za kwenye seva, kwa kuwa seva ingepelekwa shule moja ya Theta. Nilihamisha insha arobaini na mbili. Nilizilinganisha moja moja, na zote zililingana. Ilikuwa imebaki kufuta tu. Lakini nje wasichana walikuwa wakicheza kati, ule mchezo wa kurushiana mpira, nikasikia wakiniita kwamba zamu yangu imefika. Nikakimbia. Jioni Madam Perez aliniuliza kama nimefuta.

"Nimefuta, Madam," nikamjibu.

Nilikusudia kuzifuta Jumamosi iliyofuata. Sikuzifuta.

Siku ya matokeo wazazi walijaa kituoni, viatu vikazagaa hadi barabarani. Mwenyekiti wa kamati ya shindano, Bwana Tobias, alitangaza kwamba namba ishirini na saba imeshinda, akaisoma yote kwa sauti. Iliitwa "Vidole vya Mama." Ilieleza jinsi utomvu wa kahawa unavyoganda vidoleni na kuwa mweusi, jinsi mama anavyojisugua kwa majivu na ndimu bila kufaulu, na jinsi anavyoificha mikono ndani ya leso anapoitwa shuleni kuonana na mwalimu. Niliona Mwanarusi akiitazama mikono yake, na sikuhitaji kuambiwa insha ni ya nani.

Kisha Bwana Tobias akaenda kwenye kompyuta mpya kutafuta jina. Hakukuwa na jina. Akafungua insha nyingine na nyingine, zote hazina. Akageuka akasema aliyeandika insha hiyo asimame. Yaani mtu anasomea watu wote insha mwanzo hadi mwisho, halafu ndipo anauliza ni ya nani! Wakasimama watu wawili, Nadira na Austine.

Austine alikuwa mvulana wa darasa la nane mwenye ulimi laini. Kamati ilimuuliza maswali kama kumi, naye akayajibu yote. Alisema aliandika juu ya shangazi yake, ila akaweka "mama" ili iwaguse watu. Nadira ana kigugumizi, na akiogopa midomo yake hutetemeka tu. Walimuuliza swali moja, karatasi aliyoandikia kwanza iko wapi. Mama yake akamjibia kwamba yeye ndiye aliyeiwashia jiko, maana hakujua ina maana yoyote. Watu wakacheka. Bwana Tobias akasema mbele ya kina mama na watoto kwamba msichana anayeiba sifa kwa kisingizio cha mama yake hana haya.

Damu ilinichemka. Hata leo nikikumbuka inachemka. Nikasimama nikasema Nadira hajawahi kuiba hata chaki. Bwana Tobias akanitazama kwa miwani yake, akauliza kama si mimi niliyehamisha mafaili. Nikasema ni mimi. Akasema basi majina niliyapoteza mimi, na Mwalimu Mulei alikuwa mzembe kumwachia mtoto mambo makubwa. Nilisema nililinganisha ukubwa wa faili moja moja. Nikaambiwa nikae. Nadira akapewa muda hadi Jumamosi alete ushahidi, la sivyo nafasi ingekuwa ya Austine.

Wiki nzima nilikuwa nimevimba kwa hasira. Niliikasirikia kamati, nikawakasirikia waliocheka, nikaikasirikia hata ile kompyuta mpya. Alhamisi nilimkuta Austine kwenye bomba la maji la shule. Nikamwambia anajua vizuri insha si yake.

"Wee wacha," alisema huku akijaza mtungi, bila hata kupandisha sauti. "Si wameshakubali?"

Uso wake ulikuwa mtulivu kama wa mtu aliyeulizwa saa. Ndio ulioniudhi kuliko maneno yake. Nilikwenda nyumbani na uso ule kichwani, na usiku, nikiosha vyombo, nikajua niliwahi kuuvaa mimi. Niliuvaa siku niliposema "Nimefuta, Madam." Na papo hapo nikaelewa jambo jingine: kama sikufuta, basi insha zile za kwanza, alizoziandaa Mwalimu Mulei kwa mkono wake, bado zimo kwenye seva. Jumamosi hiyohiyo fundi Syombua angekuja kutoka Thika kuifuta seva yote.

Ningeweza kumwambia Madam Perez Ijumaa. Sikumwambia. Niliogopa kunyang'anywa ufunguo, na nilijiambia labda hata huko hakuna kitu. Naona aibu kuandika haya, lakini nimejiahidi kusema yote.

Jumamosi nilipofika, Madam Perez alikuwa ameshafungua mlango kwa ufunguo wake wa akiba. Fundi Syombua, mwanamke kijana mwenye mkoba wa disketi, alikuwa ameketi mbele ya seva miguu mitupu, na Madam Perez amesimama kando yake. Bwana Tobias na wanakamati wawili walikuwa wamefika. Mwanarusi na Nadira walikaa benchi la nyuma, Mwanarusi mikono ndani ya leso. Austine alikuwa karibu na dirisha.

"Hakuna kitu unataka hapa, Madam?" Syombua aliuliza. "Nikianza, hakuna kurudi."

"Hakuna. Naliaka alishafuta."

"Sikufuta," nikasema. Sauti ilitoka kubwa kuliko nilivyotaka. "Madam, nilikudanganya. Nilienda kucheza kati. Insha zote ziko hapo."

Madam Perez alimweleza Syombua juu ya majina yaliyopotea na maagizo ya Mwalimu Mulei. Syombua aliondoa mikono kwenye kibodi, akaomba aonyeshwe karatasi ya Mwalimu Mulei. Akaisoma mara mbili. Akafungua insha ya ishirini na saba pale pale kwenye seva, lakini ilikuwa ileile, maneno yaleyale, bila jina. Bwana Tobias alikohoa.

Syombua hakumjali. Alitoa disketi mkobani, akaitia kwenye mashine, akaendesha programu ndogo. Chini ya jina la faili lile likajitokeza neno moja ambalo hatukuwahi kuliona: mwandishi. Akaandika jina la faili, akaweka nukta mbili, akaandika neno lile. Kwenye skrini yakatokea maandishi mafupi. Nadira binti Irshad, darasa la nane, imepokelewa tarehe 12 Machi 1999.

Mwanarusi hakuwa amesoma sana, lakini jina la mtoto wake alilijua. Alisimama.

Syombua alitueleza akionyesha mkoba wangu wa shule. Alisema faili katika seva ile ni kama mkoba: una mfuko mkubwa ambao kila mtu anauona, na unaweza kuwa na mfuko mdogo wa pembeni. Insha ilikuwa kwenye mfuko mkubwa. Jina Mwalimu Mulei aliliweka kwenye mfuko wa pembeni, ili waamuzi wasilione. Kompyuta mpya ilikuwa na programu ya kuomba mafaili kwa seva, ila programu hiyo haikujua kwamba kuna mifuko ya pembeni. Iliomba mfuko mkubwa, ikapewa mfuko mkubwa.

"Seva haijibu kitu ambacho haijaulizwa," alisema. Kisha akanigeukia. "Na wewe ulilinganisha sawasawa. Ukubwa unaoonekana ni wa mfuko mkubwa peke yake. Hata mimi ningeona zinalingana."

Nilimtazama Bwana Tobias. Nilitaka aone kwamba ninamtazama.

Lakini yeye hakuwa amemaliza. Alisema mtoto mwenye ufunguo anaweza kuingia siku yoyote akaandika jina la rafiki yake humo. Ningalimjibu vibaya, kama Syombua hangaliniwahi. Alisema mtu akigusa mfuko wowote wa faili, tarehe ya faili hubadilika, na faili lile halikuguswa tangu tarehe 12 Machi. "Naliaka alikuwa hajapewa ufunguo wakati huo," Madam Perez akaongeza. Ufunguo alinipa Mei.

Kisha Syombua akafungua mifuko ya insha zote, mmoja baada ya mwingine. Kwenye namba tisa, insha fupi kuhusu mechi ya kandanda, jina lilikuwa Austine. Sote tukageuka dirishani. Austine alikwisha toka, na haraka ilikuwa imemfanya avae kiatu kimoja cha mwanakamati.

Bwana Tobias alisema kwa upole kwamba mambo yamekuwa sawa, na kwamba Nadira atapata barua. Akaanza kukusanya karatasi zake. Barua! Nikamwambia kwamba Jumamosi iliyopita hakumwandikia Nadira barua alipomwita mtu asiye na haya. Alimwambia mbele za watu wote. Madam Perez hakuninyamazisha. Bwana Tobias akavua miwani, akaipangusa, akaivaa tena. Jumamosi iliyofuata wazazi waliitwa wote, akasimama mbele ya Mwanarusi akasema alimkosea yeye, binti yake na Mwalimu Mulei. Nadira aliulizwa kama ana neno. Ilimchukua muda, na safari hii hakuna aliyecheka.

"Ni m-mama yangu," alisema. "Si shangazi ya mtu."

Mwanarusi alikuwa ameiweka mikono yake juu ya meza, nje ya leso.

Seva haikufutwa siku ile. Syombua alirudi Jumamosi tatu mfululizo kuifunza kompyuta mpya. Programu ya kompyuta hiyo ilikuja pamoja na maandishi ya maagizo yote yanayoiendesha, kwa hiyo mwenye ujuzi angeweza kuirekebisha. Alinikalisha kando yake nimsomee mistari. Alipomaliza, kompyuta mpya ikiomba faili iliiuliza seva kwanza lina mifuko mingapi, kisha ikaileta yote. Tulihamisha upya insha arobaini na mbili, nazo zikafika na majina yake.

Siku hiyo Madam Perez alinyoosha mkono nimpe ufunguo. Nilidhani nimesamehewa, maana ukweli wangu ndio uliomwokoa Nadira. Nikamwambia kwamba kama ningefuta siku ile, majina yangepotea kabisa.

"Usijidanganye, mtoto wangu," alisema. "Uongo wako haukumsaidia mtu. Wiki nzima Nadira alitukanwa hapa, na wewe ulikuwa na dawa mfukoni, ukaificha ukiogopa kunyang'anywa ufunguo. Kilichomsaidia ni neno ulilosema asubuhi ile, na ungelisema hata siku ya kwanza. Na sisi watu wazima tujifunze pia. Tulimuuliza Austine maswali kumi kwa sababu anajua kuongea. Nadira tulimuuliza moja, tukamhukumu. Mtu mkweli akikosea anasema mapema, na mtu wa haki anauliza mpaka mwisho. Utaupata ufunguo muhula ujao."

Nilikasirika. Nilivaa viatu vyangu nikatafuta wa kumkasirikia, kama nilivyozoea, nikapitia kamati, Austine na waliocheka. Safari hii hakukuwa na mwingine ila mimi. Jumamosi iliyofuata nilifika saa tatu kama kawaida, nikakaa kizingitini miguu mitupu, nikamngoja Madam Perez aje kufungua.