Naam ya Ishaka

Soko la Likoni siku ya Jumamosi halina adabu. Watu hukanyagana, mikokoteni hupita bila kuomba njia, na ukisimama kufikiri utasukumwa mpaka ujikute mbele ya samaki usiowataka. Katikati ya vurugu hiyo, mwaka wa tisini na tatu, Ishaka alikuwa amesimama akifikiri. Mkononi alishika kikapu cha mamake, vifungo vya shati alivifunga kombo, na kichwani hamkuwa na kitu. Alitumwa vitu vitatu. Alipotoka nyumbani alivijua vyote, lakini kwenye duka la kaseti alisimama kidogo kusikiliza spika iliyokuwa ikikoroma, na vyote vitatu vikamtoka.

"Kaka, wasimama njiani," ikasema sauti nyuma yake.

Akageuka. Alikuwa msichana wa buibui, gauni la maua ya manjano likichungulia kwa mbele, hina mbichi vidoleni na harufu ya asumini.

"Niwie radhi, dada. Hebu nisaidie. Mtu akitumwa sokoni, akasahau alichotumwa, hununua nini?"

"Hununua nazi. Hakuna nyumba ya Likoni isiyotaka nazi."

"Na akiambiwa hakutumwa nazi?"

"Aseme alipotezwa na msichana."

Ishaka akanunua nazi. Mamake alitaka vitunguu, ndimu na bizari, akalalama mpaka magharibi, lakini kijana hakusikia hata neno. Alikuwa ameshapenda.

Msichana aliitwa Mwanatatu, mwalimu wa chekechea, binti Mzee Matano wa Mtongwe. Ishaka alikuwa fundi wa redio, na kibanda chake kiliegemea duka la Mwinyihaji, duka lenye simu. Wiki haikupita Mwanatatu akaleta redio ya babake, ile kubwa ya mbao, iliyonyamaza tangu masika. Ishaka akaishika kutwa nzima, chakula chake kikaliwa na nzi. Redio ilipotoa taarabu, Mwanatatu alipiga kigelegele palepale barabarani, na tangu hapo simu ya Mwinyihaji haikupumzika.

"Laazizi, umekula?"

"Sijui."

"Hujui kama umekula?"

"Nikisikia sauti yako nashiba."

"Mwongo wewe!"

Mapenzi yalikuwa matamu, ila yalikuwa na mchanga ndani. Ishaka angeahidi kumpokea Mwanatatu feri, kisha asionekane. Angefungua redio ya mtu, aiache matumbo nje, afungue nyingine. Angetafuta bisibisi kibanda kizima, nayo ameichomeka nyuma ya sikio. Mwanatatu akizungumza, Ishaka alimtazama machoni na kuitikia naam, naam, kisha akauliza jambo lilelile aliloelezwa sasa hivi.

"Redio ya mtu usiyemjua waikumbuka mpaka waya wake wa mwisho," Mwanatatu alimwambia siku moja. "Mimi wanisahau. Yaani mimi na redio, nani mchumba?"

Mamake Ishaka alimwita mzembe, mwalimu wa madrasa alisema ana jini la kutembea, naye mwenyewe aliamini vyote viwili. Kilichomchanganya ni kwamba alimpenda msichana huyu kweli. Sasa mtu humsahau vipi anayempenda?

Siku ya siku simu ikalia, Mwinyihaji akamwita.

"Ishaka!" Mwanatatu alikuwa akihema kwa furaha.

"Naam."

"Baba amekubali! Wazee wako waje na posa Ijumaa hii, baada ya alasiri. Mwambie mjomba wako Mwidani. Umesikia?"

"Naam, roho yangu."

Sasa, huku kwetu pwani naam ina kazi mbili. Mwanamume akiitwa, huitika naam. Akikubali jambo, husema naam. Mwanatatu alisikia mchumba amekubali. Ishaka alikuwa ameitika tu, maana ng'ambo ya barabara lori lilikuwa limekwama honi, linalia bila kukoma, naye alikuwa akiwaza ni waya gani umegusana na upi. Alipoweka simu, alivuka barabara kwenda kuangalia.

Ijumaa ikafika. Huko Mtongwe ilitandikwa mikeka mipya, biriani ikapikwa, shangazi wakajifukiza udi. Mzee Matano alivaa kanzu nyeupe na kofia ya viua, akakaa barazani kupokea wageni. Hakuja mtu. Magharibi ikaadhiniwa, biriani ikagawiwa majirani, nao wakala na kunong'ona. Wakati wote huo Ishaka alikuwa kibandani, anapiga mluzi.

Kesho yake Ishaka ndiye aliyepiga simu. "Laazizi, mbona kimya?"

"Usiniite laazizi! Umemwaibisha babangu mbele ya watu."

"Mimi? Nimefanya nini?"

"Hata hujui!" Mwanatatu akalia, na simu ikakatwa.

Mambo yote Ishaka alikuja kuyasikia kwa mjomba Mwidani, aliyeyasikia msikitini. Ishaka aliketi chini, mgongo ukutani. Wallahi maneno hayo hakuyakumbuka. Lau angeambiwa na kusahau, angejilaumu akaelewa. Hili lilikuwa kama halikusemwa kamwe. Akaanza kujishuku: labda simpendi, labda moyo wangu ni mwongo. Mzee Matano naye alishapiga marufuku asikanyage kwake, na ikavuma kwamba kuna kijana wa Chaani anayemuulizia Mwanatatu. Ishaka alipunguka mwili. Redio alizishika akaziacha.

Ulipita mwezi, Mwanatatu akatokea kibandani. Alikuwa ametoka Changamwe kwenye semina ya walimu wa chekechea, vumbi la malori lingali kwenye viatu. Hakusalimu.

"Nakuuliza, nijibu kweli. Huanza jambo kwa moto, kisha ukaliacha katikati?"

Ishaka akaruka. "Mwanatatu, sina mwingine! Nitakuapia msahafu!"

"Nani kataja mwingine? Jibu."

Ishaka akazitazama redio zilizo wazi rafuni. "Mara nyingi."

"Mtu akisema nawe usoni, sauti waisikia na maneno yakupita?"

"Mara nyingi mno. Nani kakwambia?"

"Wapoteza vitu vya kazi?"

"Si sana. Ila bisibisi sijui nimeitia..."

"Hiyo i nyuma ya sikio lako. Kukaa kitako kusubiri hukuudhi?"

Goti la Ishaka lilikuwa likitikisa meza mpaka skrubu zinaruka, na wote wawili walikuwa wakilitazama.

"Mambo haya yalianza uliponijua mimi," Mwanatatu akauliza, sauti imeshuka, "au tangu utotoni?"

Akakumbuka madrasa, alivyopigwa bakora kwa kumkodolea macho mjusi ukutani wenzake wakisoma. "Tangu nijijue."

"Nyumbani tu?"

"Kila pahali. Ila kitu kikinishika, hapo hata nyumba iungue sijui. Mwanatatu, wanihukumu?"

Mwanatatu akavuta kigoda, akaketi. Alimweleza kwamba semina iliendeshwa na nesi mmoja, Bi Kache, aliyewasomea maswali hayo kuhusu watoto ambao mawazo yao hayakai pahali pamoja. Kila mwalimu alitaja mwanafunzi wake. "Mimi kila swali nilikuona wewe. Kasema si uvivu wala si jini. Ni hali ya maumbile, na wengine hukua nayo mpaka utu uzima."

"Basi ndiyo hiyo niliyo nayo?"

"Sijui. Kasema maswali hubisha hodi tu, afunguaye mlango ni daktari. Huenda ni usingizi, huenda ni masikio, huenda ndiyo hiyo. Tutakwenda tukaangaliwe."

Ishaka akauliza kama mtu asiyejua kweli, "Kwa hivyo, siku zote hizo nilikuwa nakupenda?"

Mwanatatu akacheka, machozi yakamtoka. "Hilo halimo kwenye maswali. Jijibu mwenyewe."

"Nakupenda."

"Basi nataka kitu kimoja. Usiponisikia, usiniitikie naam. Sema hukusikia. Nitarudia, sitachoka. Au nitachoka, lakini nitarudia."

Kwa daktari wangekwenda mwezi uliofuata. Lakini mambo ya Mzee Matano hayakuweza kungoja hivyo, kwani yule kijana wa Chaani alishatuma salamu. Mjomba Mwidani akamchukua Ishaka, wakaenda Mtongwe kuomba radhi. Walikaribishwa kwa adabu, bila tabasamu. Mzee alikaa kitini, ile redio ya mbao ikinong'ona kando yake. Ishaka akatoa shikamoo. Mjomba akasema mengi, akapoza, akanyenyekea. Mwisho Mzee Matano akaanza kunena.

Hapo ndipo redio ilipomponza Ishaka. Nyuma ya sauti ya mtangazaji kulikuwa na mvumo mwembamba. Akautegea sikio. Kuna kitu kinakufa mle ndani, akawaza, ama ni waya niliounga vibaya? Mawazo yake yaliporudi chumbani, Mzee amenyamaza na watu wote wanamtazama yeye.

"Ishaka!" Mzee akaita.

Naam ikamjia ulimini. Mjomba alikuwa akimtikisia kichwa aiseme, aiseme upesi. Nyuma ya pazia bangili zilizokuwa zikilia zikanyamaza. Ishaka akaimeza ile naam.

"Baba, niwie radhi. Sikusikia."

Mjomba alifumba macho.

"Hukusikia?"

"Redio ina mvumo, masikio yangu yakaenda huko. Sikudharau, wallahi. Ndivyo nilivyo. Na siku ile ya simu ilikuwa hivihivi, niliitika naam na sikusikia kitu. Naogopa kukwambia naam nyingine ya uongo. Tafadhali nambia tena."

Mzee Matano akanyoosha mkono, akaizima redio.

"Nimesema," akanena taratibu, "Ijumaa hii, baada ya alasiri, leteni posa. Na biriani safari hii mtakula nyinyi, maana majirani wamenichosha."

"Ijumaa hii," Ishaka akarudia, neno kwa neno. "Baada ya alasiri. Tulete posa. Biriani tutakula sisi."

Nyuma ya pazia kilipasuka kigelegele, kilekile cha siku ya redio.

"Naye kasikia," Mzee akasema, na mara ya kwanza akacheka. Ishaka akanyoosha mkono kuelekea kwenye redio, na Mzee akamzuia. "Hii iache. Utaitengeneza ukishaoa."