Vichanga Saba, Boti ya Saa Saba

Mvua ya mawe juu ya bati.

Ndivyo ukumbi ulivyosikika masikioni mwa Ubwa, na nje jua la bandari ya Malindi, Unguja, lilikuwa likichoma. Hakushtuka. Siku hizi hakuwa na la kumshtua.

Alibonyeza kipaza sauti kilichofichwa kolani.

"Bi Mardhiya, nshaingia ukumbi wa abiria. Nnasikia makelele tu."

"Boti inaondoka saa saba," mkuu wake alijibu. "Una dakika arubaini."

Kifaa cha kunasia sauti kilikuwa mfukoni, kinene kama Nokia ya zamani, waya wake ukipanda hadi masikioni. Alikuwa amekabidhiwa asubuhi ile na Daktari Kawthar, kwenye maabara yake mtaa wa Amani, mbele ya tundu lenye panya mama peke yake.

"Wameniibia vichanga saba," alisema Kawthar. "Wana jeni tuliyoikuta kwa baadhi ya watoto wenye usonji, na hakuna wengine. Kampuni ya nje iliwataka, nikakataa. Wakifika Dar, kuna ndege inawangoja. Miaka yangu sita inakwenda nao."

"Nitajuaje walipo?"

"Kichanga wa panya akitengwa na mama yake, akapata baridi, hulia. Sauti ni nyembamba mno, sikio la mtu haliipati. Hiki kinaishusha. Lakini wangu hulia mara chache, Ubwa. Usitarajie kelele."

Ubwa alimfikiria Maisara, bintiye wa miaka minane. Kila jioni alimkalisha mbele yake. Sema baba. Sema. Maisara hakusema. Ubwa alikwisha acha kuumia.

Sasa ukumbini walijaa abiria mia tatu. Mmoja alikuwa na vichanga. Kuwapekua wote kusingefaa. Mwizi angewahi kuwatupa vichanga baharini.

"Bi Mardhiya, waambie wateremshe kiyoyozi mpaka chini kabisa."

Baridi ikashuka.

"Jamani!" bibi mmoja alipiga kelele. "Mnatugandisha kama pweza wa kusafirishwa!"

Watu wakacheka. Kifaa kikanguruma zaidi. Bangili. Mifuko. Na funguo za mtu, zikichezeshwa bila kukoma. Kila kitu kinachogongana kina sauti ya juu isiyosikika, Kawthar alimwonya. Ikifunika kilio, basi.

Saa sita na nusu.

Adhana ya adhuhuri ikapaa kutoka msikiti wa jirani.

Bibi wa pweza akavuta mtandio na kutuliza mikono pajani. Bangili zikanyamaza. Mifuko ikanyamaza. Mazungumzo yakakatika.

Funguo nazo.

Masikioni mwa Ubwa adhana haikuwemo. Kifaa hakikushika sauti nzito. Mlikuwa na utupu, kama ule aliouzoea kifuani.

*Fii.*

Akageuka kushoto.

*Fii.*

Benchi la tatu. Kijana wa kanzu nyeupe, funguo zimelala kiganjani, kikapu kidogo cha halua mapajani.

Ubwa alikaa ubavuni mwake kama jamaa aliyechelewa. Mdomo wa bastola yake ya Glock ukamgusa kijana mbavuni.

Kijana akakiminya kikapu.

"Kidole kikizidi kuminya, nakivunja."

Kidole kikalegea. Ubwa akafunua kifuniko cha ukili. Pamba. Saba, wekundu, wadogo kama maharage.

Askari wawili wakaja kimya kimya. Chumba cha forodha. Mlango ukafungwa.

"Jina?"

"Junaid."

"Nani kakufunza kuchezesha funguo?"

"Mnunuzi. Kasema nisiache mpaka Dar."

"Mbona umeacha?"

Junaid alimtazama kama mtu aliyeulizwa upuuzi.

"Si ilikuwa inaadhiniwa, kaka?"

Ubwa hakucheka.

"Sema mnunuzi yuko wapi."

Junaid akasema. Hoteli, Mji Mkongwe, chumba namba tisa. Baada ya robo saa redio ikakoroma.

"Tumemtia mkononi," alisema Bi Mardhiya. "Kazi nzuri."

"Naam."

Kawthar alikuwa akingoja kwenye geti la bandari. Alihesabu. Saba. Akaingiza kikapu chini ya baibui, kwenye joto.

"Umewasikia mara ngapi?"

"Mbili."

"Mara mbili tu?" Akatabasamu, macho yamemlowa. "Na ukawapata. Watu huniambia wangu hawalii kabisa. Hulia, Ubwa. Wenye kusikiliza ndio huchoka mapema."

Ubwa alipanda Vespa yake. Hakuiwasha. Alipiga simu nyumbani, mkwewe akapokea.

"Shikamoo, mama. Niwekee simu sikioni mwa Maisara."

Pumzi. Pumzi tu.

Alingoja. Akaibana simu sikioni, asikose hata pumzi moja.

"Maisara, mwanangu. Jioni nnakuja kukaa na wewe. Sitakwambia tena 'sema'. Ntakaa tu, ntasikiliza, na sitachoka. Nakuahidi."