Spana Iliyofunga Banda la Kuku

Efrazia alikuwa mwalimu wa kisomo cha watu wazima. Aliishi Vuga, na darasa lake lilikuwa bondeni. Kila alasiri akina mama walitoka kwenye shamba la kijiji, wakaingia darasani na udongo miguuni. Kijiji kilimpa Efrazia baiskeli ili asichelewe. Akipita nayo, watu walisimama kumtazama, naye alijua kuwa anatazamwa. Aliinua kidevu kidogo. Nani angemlaumu?

Mumewe, Yohane, alijivuna kuliko yeye. Zamani alifanya kazi katika karakana ya shamba la mkonge kule Mazinde. Siku baiskeli ilipofika, alifunga kwenye keria, nyuma ya kiti, mfuko mzito wa spana zake.

"Mama Silvano," alisema, "hizi zimefungua malori. Baiskeli itazishinda kwa kipi?"

Efrazia alimshukuru. Mfuko ule uliifanya baiskeli iyumbe kwenye kona, lakini hakuwa na moyo wa kumwambia.

Mtihani wa darasa lake ulipokaribia, nati za gurudumu la nyuma zililegea njiani. Gurudumu likaenda upande, cheni ikatoka. Efrazia alifungua mfuko. Alijaribu spana moja, akajaribu nyingine. Zote zilikuwa kubwa, zikazunguka bila kushika. Basi alisukuma baiskeli hadi bondeni, amekasirika kweli kweli. Alikuta darasa tupu. Bibi Tatu tu, mwanafunzi mkubwa kuliko wote, ndiye aliyekuwa akimngoja.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwalimu. Wenzangu wamekwenda kupika. Lakini siku ya mtihani usitufanyie hivi. Msimamizi wa mtihani kutoka Lushoto amesema darasa lisilo na mwalimu wake halipimwi. Mimi nimechoka kuweka dole gumba kwenye kila karatasi. Nataka kuandika jina langu kabla sijafa."

Maneno yale yalimchoma Efrazia. Alirudi nyumbani akisukuma baiskeli.

Jirani yao alikuwa Issa, bwana shamba. Hapakuwa na kilima ambacho hakukipanda na baiskeli yake. Kesho yake Efrazia alimweleza yote, na Yohane amekaa hapo hapo anasikia.

"Kaka Yohane, spana zako ni nzuri," alisema Issa taratibu. "Ila ni za lori. Tuangalie kwanza nati, halafu tuchague spana."

Alitoa spana yake mwenyewe, ile ambayo mdomo wake hupanuliwa na kubanwa. Efrazia akaijaribu. Ilishika, kisha ikateleza.

"Hii yangu imechoka," alisema Issa. "Spana ikiteleza inakula pembe za nati. Mwisho nati inakuwa duara, haishikiki tena. Kwani baiskeli hii haikuja na spana yake? Ndogo, bapa, yenye matundu ya kila ukubwa?"

Yohane alikohoa.

"Ipo," alisema. "Imefunga banda la kuku."

"Banda la kuku?" aliuliza Efrazia.

"Niliona ni kitu cha watoto, mama."

Walienda kuichukua, wakaisafisha. Tundu moja liliikamata nati vizuri, halikucheza hata kidogo. Na spana yenyewe ilikuwa nyepesi, inaingia mfukoni.

"Sasa fanya mwenyewe," Issa alimwambia Efrazia. "Njiani mimi sitakuwepo."

Efrazia aliipindua baiskeli, magurudumu juu. Alilegeza nati za pande zote mbili. Alirudisha cheni mahali pake, akavuta gurudumu nyuma. Issa alimwonyesha kuigusa cheni kwa kidole: isilegee, lakini isikaze sana, icheze kidogo. Kisha Efrazia akahakikisha gurudumu liko katikati, akakaza nati zote mbili. Alirudia kazi hiyo mpaka hakuna aliyehitaji kumwelekeza.

Yohane aliinuka. Aliingia jikoni, akatoka na vijiko viwili, akaanza kulainisha mipini yake kwa tupa.

"Vijiko vyangu hivyo, Baba Silvano," alisema Efrazia.

"Vya kutolea tairi. Siku ukichomwa na mwiba utanishukuru."

Alishona pia kimfuko cha turubai, akakifunga chini ya kiti. Ndani alitia spana, vijiko, viraka na solusheni ya kuvibandika. Pampu aliifunga kwenye fremu. Kitu kimoja tu walisahau: kitambaa cha kufutia mikono.

Siku ya mtihani, kwenye mteremko wa mawe, cheni ikatoka tena. Lakini mikono ya Efrazia ilikuwa inaijua kazi. Alilegeza nati, akarudisha cheni, akavuta gurudumu, akapima kwa kidole, akakaza. Alijifuta kwa majani, akapanda baiskeli, akaenda.

Gari la msimamizi lilikuwa limeshafika. Akina mama walikuwa wamesimama mlangoni, wanatazama njia.

"Mwalimu wao nipo," alisema Efrazia akihema.

Msimamizi alimpa karatasi, naye akazigawa. Walisoma. Waliandika. Bibi Tatu aliandika polepole, ameuma midomo. Mwishowe msimamizi alikusanya karatasi. Kila moja ilikuwa na jina, limeandikwa na mwenyewe. Efrazia aliona fahari mpaka machozi yakamlenga.

Ghafla msimamizi alisita kwenye karatasi moja. Pembeni palikuwa na alama nyeusi.

"Nani bado anaweka dole gumba hapa?"

Efrazia alitazama mikono yake.

"Ni langu, mzee," alisema. "Ni grisi ya cheni."

Bibi Tatu alicheka kuliko wote.

"Msimwonee mwalimu wetu," alisema. "Kesho tutamfundisha na yeye kuandika jina."