Taa za Mtaa wa Mringaringa

Jumatatu, jioni.

Chumba kilikuwa nyuma ya gereji, Bomang'ombe. Mlango wa bati, dirisha lililozibwa kwa gunia, harufu ya oili chafu. Jacob aliupanga mpango mezani kwa vipande vya chuma. Nati zilikuwa nguzo. Kiberiti kilikuwa Canter. Kopo la grisi lilikuwa kizuizi cha kuingilia mtaani.

"Hatuendi usiku," alisema. "Usiku mtu akisikia ngazi anapiga yowe. Mchana akisikia ngazi, anakuja kuishika."

Doris alicheka kidogo, puani. Yeye ndiye dereva. Alikuwa amebeba mpunga kutoka Chekereni miaka mingi na kila trafiki wa barabara ile alimjua kwa jina. Alisema kazi yake ni usukani tu. Damu ikimwagika, yeye hayumo. Jacob akamjibu kwamba hakuna damu kwenye taa. Kisha akamgeukia mtu wa tatu.

"Fundi. Wewe ndiye ufunguo. Usije ukakatikia mlangoni."

Theodory aliitikia kwa kichwa. Taa zile za sola alizifunga yeye mwenyewe, moja baada ya nyingine, mtaa mzima wa Mringaringa kule Njoro, Moshi. Alijua kila bolti. Na hakuna aliyemlazimisha kukaa kwenye kile chumba. Hilo ndilo lililomkera zaidi. Alikuwa baa, anakunywa, anajisifu kwamba betri zile ni za lithiamu halisi, kwamba pale juu ya nguzo kuna mzigo wa kununulia nyumba. Jacob alikuwa meza ya pili. Akasogeza kiti. Theodory alikuwa na nafasi ya kusema hapana siku ile, na siku ya pili, na ya tatu. Akanyamaza siku zote tatu. Alitaka duka lake la vifaa vya umeme, lenye jina lake juu ya mlango. Ndiyo hivyo tu.

Jacob aliendelea. Watavaa makoti ya kung'aa na kofia ngumu. Theodory atasema kampuni imegundua hitilafu kwenye betri, inazibadilisha bure kabla udhamini haujaisha, taa zinarudi jioni. Watu watamwamini kwa sababu ni yeye. Mnunuzi anangoja. Kabla ya kumfikia, kuna njia ya vumbi kushoto mwa barabara kuu, katikati ya mahindi. Hapo watabadilisha namba za gari.

"Na wakiuliza sana?" Doris akasema.

"Watamwuliza fundi wao."

Jumatano, saa tatu asubuhi.

Mlima ulikuwa wazi, mweupe juu, kama umeoshwa. Canter ilisimama mbele ya kizuizi. Mzee Ramnik, mwenyekiti wa umoja wa wakazi, alitoka mwenyewe kibarazani kwake akiwa na kikombe cha chai mkononi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, fundi. Leo na jeshi?"

Theodory akamweleza habari ya betri. Maneno yalitoka laini mno, akajishangaa. Mzee Ramnik alisikiliza, akauliza kama watoto wa kidato cha nne watapata mwanga jioni wakitoka masomo ya ziada. Theodory akasema watapata. Mzee akaweka kikombe chini, akainua kizuizi kwa mikono yake miwili, akawapungia wapite.

Jacob, ndani ya kebini ya gari, alisema taratibu, "Umeona? Nilikwambia."

Kazi ikaanza. Theodory juu ya ngazi, Jacob chini akipokea, Doris akisogeza gari nguzo kwa nguzo. Kwenye kila nguzo, usawa wa macho, kulikuwa na jina limeandikwa kwa rangi nyeupe. *Familia ya Mathew. Familia ya Sharda. Vijana wa Kona.* Wakati wa kufunga taa majina yale yalikuwa rangi tu. Leo ilibidi aweke ngazi juu ya majina hayo.

Alijua jinsi kila moja lilivyofika pale. Umoja ule haukuwa na mfadhili. Ulianza na ushuru wa malori: anayejenga nyumba mtaani, kila lori lake la mawe au mchanga linalipia kuharibu njia. Fedha hizo zikachimba mitaro. Kisha wakanunua mahema na viti, wakawa wanakodisha kwenye misiba na harusi; hizo zikapanda miti na maua ya kando ya njia. Taa zikawa kubwa kuliko mfuko. Mwalimu Lukresia, mhazini, mwalimu mstaafu wa sekondari, akasema kila familia iasili nguzo yake, iipe jina, isipoweza peke yake iungane na jirani. Jumapili moja baada ya misa wakapiga harambee. Mkungu mmoja wa ndizi ulinunuliwa, ukarudishwa, ukanunuliwa tena, hadi watu wakacheka machozi yakawatoka. Theodory alikuwepo. Alikula wali wao. Na kwenye kikao, wengine waliposema aletwe fundi mkubwa kutoka Arusha, Lukresia ndiye aliyesimama akasema fedha ya mtaa ilishe mtoto wa hapa hapa Moshi.

"Fundi, unaota?" Jacob alisema kutoka chini.

"Nashuka."

Saa tano.

Nguzo ya kona ya mfereji ilikuwa ya Bibi Elisifa. Mumewe aligongwa na pikipiki pale pale, gizani, na hakuonekana hadi alfajiri. Baada ya hapo bibi aliuza mbuzi wake wawili, akawa mtu wa kwanza mtaani kulipia nguzo nzima. Juu yake hakuandikisha jina lake. Aliandikisha la marehemu: *Thadeus.*

Theodory alisimama chini ya nguzo ile na spana mkononi. Hakupanda.

"Hii tuiache," alisema kwa sauti ya chini.

"Kwa nini?"

"Tuiache tu."

Jacob alimkaribia, akatabasamu kwa ajili ya majirani. "Ukiacha moja, watajiuliza kwa nini. Panda, kaka. Usinifanye nipande mimi."

Geti la bati likafunguka. Bibi Elisifa akatoka na chupa ya mtori na bakuli tatu juu ya sinia. Alitembea polepole, kitenge kimefungwa kifuani, akichagua njia kwenye kokoto. Alisema amewaona tangu asubuhi, wanafanya kazi jua linapanda, na hakuna hata mmoja aliyewapa maji. Mtaa huu umekuwa wa watu gani siku hizi? Doris alishuka garini akampokea sinia. Alikunywa bila kumtazama bibi usoni.

Theodory alisema ameshiba.

"Kula, mwanangu. Ngazi haikimbii."

Akala. Nyama ilikuwa imelainika, ndizi zimesagika vizuri, na kila kijiko kilishuka kama mchanga. Kisha akapanda. Akafungua bolti nne. Bibi alishika ngazi kwa mikono yote miwili asije akaanguka.

Saa sita kasoro.

Taa zote zilikuwa zimelala nyuma ya Canter, zimetandikiwa magodoro ya zamani. Doris alikuwa amewasha injini. Hapo ndipo Mwalimu Lukresia aliposhuka kwenye bajaji, mkoba begani, viatu vya kanisani miguuni. Alitoka benki. Alisikiliza maelezo ya Theodory hadi mwisho, akamsifu kwa kufuatilia udhamini ambao wao wenyewe walikuwa wameusahau. Theodory alitazama viatu vyake vile vyeusi vilivyopigwa kiwi.

Kisha Lukresia akasema atakwenda nao hadi kwenye ghala la kampuni. Jumapili kuna mkutano; wanachama watamwuliza betri mpya amezionaje, naye hawezi kuwajibu kwamba ameambiwa. Aone kwa macho yake.

"Mwalimu, si lazima," Theodory akasema haraka. "Ni mbali. Kuna vumbi. Nitakupigia picha."

"Nimezoea vumbi."

"Mwalimu—"

"Mwache mama aje," Jacob alisema. Alikuwa ameshafungua mlango. "Ni haki yake. Karibu, mama, kaa katikati."

Theodory alimtazama Jacob. Jacob hakumtazama. Theodory alipaswa kusema pale. Mtaa mzima ulikuwa karibu. Mzee Ramnik alikuwa kibarazani. Neno moja lingetosha. Alipanda nyuma ya gari, akakaa juu ya taa, na Canter ikaondoka.

Saa saba.

Kioo kidogo cha nyuma kilimwonyesha vichwa vitatu. Kwa muda mrefu Lukresia alikuwa akiongea, mkono wake ukionyesha kitu nje, labda shamba, labda nyumba ya mtu aliyemfundisha. Walipita Weruweru. Kisha Lukresia akageuza uso kwa Jacob, akauliza jambo, akatoa simu mkobani, na Jacob akamnyang'anya.

Theodory aliona kichwa cha mwalimu kikisukumwa chini kuelekea magoti. Aliona mkono wa Jacob ukipapasa chini ya kiti, ukatoka na panga. Doris alipiga kelele, usukani ukayumba. Jacob akamwonyesha mbele kwa panga. Njia ya vumbi ilikuwa inakaribia. Mahindi marefu pande zote mbili.

Aligonga kioo kwa ngumi. Hakuna aliyegeuka.

Nyuma yao lilikuja lori la saruji, na nyuma ya lori basi, na bodaboda mbili tatu. Theodory aliinua taa iliyokuwa karibu naye. Kwenye ubavu wake aliona alama yake mwenyewe ya penseli, aliyoichora siku ya kuifunga. Akairusha barabarani.

Ilipasuka kama sahani. Lori likapiga honi ndefu. Akarusha ya pili. Ya tatu. Alirusha taa za Mathew na za Sharda na za vijana wa kona, kioo kikatapakaa kwenye lami, matairi yakalia, mabodaboda wakapanda ukingoni wakimtukana. Kila moja ilimchoma alipoiachia. Hakuacha.

Canter ilifunga breki.

Doris alizima gari, akachomoa ufunguo, akashuka. Aliurusha ufunguo mahindini, akavuka barabara, akasimamisha bodaboda iliyokuwa ikirudi Moshi, akapanda. Hakugeuka. Theodory hakumwona tena, wala polisi hawakumwona.

Jacob alitokea upande wa pili. Alikuja na panga moja kwa moja kwa Theodory.

"Nilikujua," alisema. "Tangu kwenye ule mtori."

Pigo lilimpata mkono wa kushoto, juu ya kiwiko. Aliteleza akaangukia lami, katikati ya vioo. La pili halikufika. Utingo wa lori alikuwa amekuja na jeki, akampiga Jacob mgongoni, naye akaanguka. Watu wa basi wakamwagika, na mtu mmoja akatamka neno lile ambalo kila mwizi nchini analiogopa kuliko mahakama.

"Wezi."

Mawe yakaokotwa. Theodory alijikunja, mkono wake ukivuja. Jiwe moja likampata begani. Alimsikia mtu akiulizia petroli, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anaulizia chumvi. Akafumba macho. Aliona ni sawa.

"Msiwaue."

Ilikuwa sauti ya darasani. Mwalimu Lukresia alikuwa ameshuka. Mdomo wake ulikuwa umepasuka, kiatu kimoja hakipo. Alitembea juu ya vioo na soksi, akasimama kati ya watu na wale wawili waliolala chini.

"Nawahitaji mahakamani wakiwa hai," alisema. "Weka jiwe chini, kijana. Wewe pia."

Wakaweka, mmoja mmoja.

Hakumtazama Theodory. Alivua mtandio wake, akautupa karibu naye, na kijana mmoja ndiye aliyeufunga kwenye kidonda.

Miezi miwili baadaye, mchana.

Theodory hakutarajia mgeni kule gerezani. Ndugu zake kutoka kihamba, shamba la ukoo kule juu kwenye kahawa, walikuwa wameacha kuja. Askari akamwita, akamfikisha kwenye wavu, na upande wa pili alikuwa amekaa Mwalimu Lukresia. Kovu dogo lilikuwa limebaki mdomoni.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba."

Alimweleza shida yake bila kuzunguka. Polisi wamewarudishia taa zilizopona. Fundi mpya amezipandisha, hata moja haijawaka, na moja imetoa moshi. Anasema nyaya zilivutwa vibaya, hajui ipi ilikwenda wapi. Amekuja kuuliza.

Theodory akauliza zimepona ngapi. Akamwambia kumi na moja. Zilizobaki wamechangia upya. Jumapili iliyopita walipiga harambee nyingine.

"Na Bibi Elisifa?"

"Alitoa."

Theodory alishika wavu kwa mkono wake mzima. Alikuwa ameyapanga maneno wiki nyingi, usiku kucha, kwa mpangilio mzuri. Sasa yalikuja yote kwa pamoja na hakuna lililotangulia.

"Mwalimu, naomba—"

"Sikuja kwa hilo," Lukresia alisema. Hakusema kwa ukali. "Niambie habari ya nyaya."

Askari nyuma yao alisema muda umebaki kidogo. Theodory akaanza. Betri ndiyo inafungwa kwanza, alisema, kabla ya kitu kingine chochote, waya nyeusi kisha nyekundu. Halafu taa. Lukresia alirudia kila neno kwa sauti, kama mwanafunzi. Askari akasema muda umekwisha. Lukresia alisimama, akachukua mkoba wake, akaanza kwenda.

"Paneli mwisho, Mwalimu," Theodory alisema, na aliposogea mbali akapaza sauti, uso umebanwa kwenye wavu. "Paneli iwe mwisho. Wakianza nayo wataziunguza. Mwambie, Mwalimu. Mwisho."