Anayegonga Chini ya Meza

Mkasi ulikuwa mkononi mwake, juu ya meza, na bado chini ya meza paligongwa mara tatu.

Fundi cherehani aliacha kukata. Kwa miezi miwili mgongaji alikuwa yeye. Mwanawe wa miaka miwili na nusu, ambaye mtaa mzima ulimwita Injinia kwa kuwa hakushika kitu kikabaki kizima, hakutaka kusikia habari ya kulala mchana. Ukimbeba analegea, ukimlaza anateleza, ukimwimbia anakukosoa wimbo. Ukimwacha macho, basi tena: vifungo vinamezwa na sare za wanafunzi zinachorwa chaki. Baba mtoto alikuwa kazini mbali. Ndipo fundi akabuni ujanja wa kupitisha mkasi chini ya meza na kugonga, ngo, ngo, ngo, kisha ananong'ona, "Mwenyewe huyo, amekuja kuangalia nani hajalala." Injinia alikuwa akijitupa kitandani na kufumba macho. Siku ya kwanza fundi alicheka mpaka akashika mbavu.

Sasa hakucheka.

"Umelala, baba?" aliuliza kwa sauti ndogo.

"Usipige kelele, mama," mtoto akajibu nyuma ya pazia. "Ananilaza."

Chumba kilinuka nguo iliyoungua, na pasi ilikuwa baridi tangu jana.

Kuanzia hapo Injinia hakusumbua tena. Saa saba ikigonga, anaacha kikombe chake, anakwenda mwenyewe, analala chali, mikono ubavuni. Majirani wakamsifu kwamba amekua. Lakini usingizi ule ukawa unarefuka, saa mbili, saa nne, hadi jua linazama, na siku ya tisa fundi alipomtikisa, akamwita, akamnyunyizia maji usoni, akamfinya mpaka kucha zikaacha alama, huku chini ya meza kitu kikigonga taratibu bila kuchoka, mtoto alifumbua macho nusu, akamtazama asimjue, akayafumba tena, na fundi, aliyekuwa akiomba japo saa moja ya utulivu, akapiga magoti akimsihi alie, avunje, achore kila sare iliyomo humo ndani.

Dada yake alimleta mganga, mama mmoja wa makamo mwenye mkoba mkuukuu. Mganga alinusa, akakataa kiti.

"Nani alimwita?"

"Mimi," fundi alinong'ona. "Nilikuwa namtania mtoto, mama. Nilitaka alale tu."

"Huyo hajui utani, mwanangu. Umempa kazi, anaifanya. Mwambie kazi imekwisha. Kisha lala na mwanao, mkono wako kifuani pake, na usiuondoe mpaka aamke."

Fundi alijilaza kando ya mwanawe, mkono kifuani pake. Alisema maneno yale, na palepale mezani pakagongwa kwa hasira, kisha kwenye mguu wa kitanda, kisha kwenye ubao chini ya mgongo wake, karibu kiasi kwamba kila pigo lilimwingia mbavuni, na harufu ya kuungua ikamziba pua, na mganga akawa anasoma maneno yake kwa haraka zaidi na zaidi, na fundi akawa anarudia, "Kazi imekwisha, mwanangu nitamlaza mimi, nitamlaza mimi," hadi sauti ikamkauka.

Kukawa kimya. Harufu ikatoweka. Injinia akapiga chafya, akafumbua macho, akaangua kilio.

"Sitaki kulala!"

Fundi alimkumbatia akicheka na kulia kwa pamoja. Mganga alifunga mkoba wake, akaaga.

Kesho yake saa saba fundi aliweka kazi kando, akajilaza na mwanawe. Injinia alipigana nusu saa nzima, akapiga mateke, akadai maji mara nne, na kila teke lilikuwa furaha kwa mama yake. Hatimaye akasinzia. Fundi akaweka kiganja kifuani pake, ayasikie tu mapigo ya moyo.

Moyo uligonga mara tatu, ukanyamaza. Ukagonga tena mara tatu, ukanyamaza.

Fundi hakuthubutu kuondoa mkono.