Pembe ya Mkwe na Meja wa Prusia

"Maji yameshuka," Maurine alisema kwenye simu.

"Yameshuka wapi?"

"Wapi tena, Nicholas? Idsowe, shambani kwa mama."

Upande wa pili alisikia kurasa zikifunuliwa. Nicholas Komora, mwalimu wa historia mjini Garsen na mchumba wake wa miaka mitatu, alikuwa na yule mwanajeshi wake wa kitabuni tena.

"Mpenzi, Jumamosi nina mhadhara ukumbini. Watu wanakuja kusikia habari za yule Mjerumani, Meja von Triebsitz."

"Jumamosi ndiyo siku ya kupanda. Udongo ukikauka, mche hauingii."

"Nitakuja Jumapili, haki ya Mungu."

"Mafuriko yaliyopita ulisema Jumapili. Na yale ya kabla yake."

"Maurine, nikimaliza kuandika hiki kitabu..."

Alikata simu. Wala hakuwa na hasira. Hasira inataka nguvu, na zake zilikwisha zamani.

Kwa akina Maurine, posa haitimii kwa maneno ya wazee peke yake. Maji ya mto yakipungua, mama huacha pembe moja ya shamba lake tupu, na mkwe mtarajiwa huja kuipanda mpunga kwa mikono yake mwenyewe. Asipokuja, pembe huota magugu, na kila apitaye hujua kwamba binti wa pale amesahauliwa. Pembe ya Maurine ilikuwa imeota magugu mara mbili.

"Mara hii naipanda mimi," mama yake alikuwa amemwambia. "Adhuhuri ikifika hajaja, naingiza miche yangu, na posa imekufa. Nimechoka kuulizwa na majirani kama mkwe wangu yuko salama."

Maurine alimweleza hayo Lul, mwenye duka la dawa za mifugo ambako yeye aliajiriwa kuuza.

"Abaayo, dada yangu, huyo Mjerumani ana nini mpaka akunyang'anye mwanaume?"

"Amekufa zaidi ya miaka mia."

"Hapo ndipo shida. Angekuwa mwanamke mzima, walahi ningemshika nywele."

Maurine akacheka, ingawa kicheko hakikufika mbali.

Jumamosi asubuhi waliketi nyuma ya ukumbi, yeye na Lul. Pikipiki ya kumpeleka Nicholas Idsowe ilikuwa inangoja nje. Maurine alikuwa ameapa kumshika mkono mhadhara ukiisha, mbele ya watu, aibu na iwe aibu.

Nicholas alipendeza, hilo halikataliki. Viatu vimeng'aa, suruali imepigwa pasi, sauti imejaa ukumbi.

"Alipelekwa shule ya kijeshi akiwa mtoto mdogo kabisa. Akawa luteni. Mwaka elfu moja mia nane sitini na sita akapigana na Waustria. Miaka minne baadaye, vita vya Wafaransa, risasi ikampata pajani, farasi wake akaanguka. Akapewa nishani. Akawa kapteni, akachora ramani za jeshi, akawa meja. Alipostaafu akapanda meli akaja kwetu huku, na babu wa babu yangu ndiye aliyempigia kafi mpaka Chara. Homa ikamuua hapo."

Watu walipiga makofi. Mzee Hirbo, aliyekuja na bakora yake kutoka kwenye mnada wa ng'ombe, akainua mkono.

"Mwalimu, huyo askari aliacha mke? Watoto?"

Nicholas alikohoa. "Hayo hayamo kitabuni, mzee. Kitabu ni maisha na kazi yake."

"Mimi nimeuliza mke tu."

"Alikuwa na mchumba."

Maurine alijikuta amesimama. "Anaitwa nani?"

Nicholas akamwona. Sauti yake ikapungua.

"Charlotte."

"Yuko ukurasa wa ngapi?"

"Sikumweka, Maurine."

"Farasi wake wote nawajua kwa majina. Umeniimbia farasi tangu tuanze kupendana. Kumbe kulikuwa na mtu anamngoja, na wewe ukaona hana maana ya kuandikwa."

"Tuzungumze baadaye."

"Endelea na kazi, Mwalimu."

Alitoka. Alimlipa mwenye pikipiki, akapanda yeye. Njia nzima hakulia. Kope zilikuwa nzito, alitamani kulala tu.

Jua lilikuwa utosini, na shambani mama yake alikuwa ameshapanda kwingine kote. Alimwangalia binti yake anavyoshuka peke yake. Akachukua fungu la miche, akaingia kwenye ile pembe.

"Nianze?"

"Anza, mama."

Simu ikalia. Ujumbe wa Nicholas: "Niko njiani."

Maurine aliusoma, akairudisha simu kwenye leso. "Niko njiani" za Nicholas zilikuwa nyingi kuliko miche ya shamba lile. Mama akainama, akapanda, akasogea, akapanda.

Walikuwa wamefika katikati ya pembe waliposikia miguu ikichapa tope. Nicholas alikuwa anakuja mbio na viatu vyake vya mhadhara, suruali imelowa mpaka magotini.

"Mama, shikamoo. Naomba usimamishe."

"Marahaba. Nusu nimeshapanda."

"Basi niachie nusu."

"Na posa iwe nusu?"

Nicholas alisogea kwenye tope. Alimgeukia Maurine.

"Kwao Prusia ofisa hakuweza kuoa bila ruhusa ya mfalme. Charlotte alimwambia Meja aombe. Akasema, ngoja niwe kapteni. Akawa. Akasema, ngoja vita viishe. Vikaisha. Alipokuja kuomba alikuwa meja, na ruhusa akapewa. Charlotte alikuwa ameshaolewa na mwalimu wa shule. Sikumwandika kwa sababu kila nikimwandika nilikuona wewe. Niliogopa, Maurine."

"Uliogopa, lakini hukuja."

"Sikuja. Nisamehe."

"Nimechoka, Nicholas. Unanielewa? Sikuchukii. Nimechoka."

"Naelewa."

"Na ukumbi?"

"Nimewaacha wamekaa."

Mama alinyoosha mgongo, akamtazama binti yake. "Sema wewe. Pembe ni yako."

Simu ikalia tena. Lul: "Mwalimu wako amekimbia kama mbuzi aliyeona fisi. Mzee Hirbo hataki kutoka. Anauliza, mwishowe huyo Mjerumani alioa?"

Maurine alimtazama yule mwanaume aliyesimama kwenye tope, viatu vimezama, mikono mitupu. Akaandika polepole:

"Mwambie hapana. Alichelewa."

Kisha akaokota fungu la miche, akamtupia Nicholas kifuani.

"Vua viatu," alisema. "Udongo unakauka."