Sauti Chini ya Injini

Mama Chiriku alivua hedifoni, akazitazama, akazivaa tena. Kwenye skrini gari jeupe lilikuwa linaingia kona ya machimbo, na injini yake ilinguruma kama injini nyingine zote alizozisikiliza tangu asubuhi. Ila chini ya ule mngurumo kulikuwa na mtu anazungumza.

"Baba Chiriku," aliita, bila kupaza sauti. "Siku ile pale konani ulisimama na nani?"

Mumewe alikuwa amekaa dirishani anafuta vumbi kwenye lenzi. "Peke yangu. Kona ile watu hawaitaki."

"Basi kuna mtu alikuwa karibu na wewe."

"Hakukuwa na mtu, mke wangu."

Wawili hawa walikuwa watu wa harusi. Mume alipiga video, mke alihariri, na kwa miaka kumi na tisa hapakuwa na Jumamosi waliyolala mpaka jua likachomoza. Walijaliwa binti mmoja tu. Walimwita Chiriku kwa sababu tangu alipojua kusema hakunyamaza, hata usingizini. Alipokua, mdomo ule ule uliomtia matatani shuleni ukampatia kazi: akawa msomaji wa njia kwenye mashindano ya magari. Msomaji wa njia hukaa kando ya dereva na daftari mapajani, anamsomea kona kabla hazijafika. Kulia kali. Mita mia. Kushoto taratibu, usikate kona. Dereva haangalii mbali, anaendesha kwa masikio.

Kila shindano lilikuwa Jumamosi, na kila Jumamosi ilikuwa na harusi.

"Wiki ijayo nakuja kukupiga video," baba yake alikuwa akimwambia.

"Baba, wiki ijayo yako ina miaka minne sasa," Chiriku alijibu, na wote wawili wakacheka.

Mwaka jana gari lao lilipinduka kwenye kona ya machimbo. Dereva alitoka na mkono uliovunjika. Chiriku hakutoka. Saa ile baba yake alikuwa ukumbini, amepiga goti mbele ya maharusi wanaolishana keki, simu inatetemeka mfukoni na yeye haipokei.

Mwaka ulipozunguka, chama cha magari kilimwomba baba apige video ya shindano lenyewe, kwa kumbukumbu. Alikubali kabla hawajamaliza kusema.

Alianzia dukani. Muuza kamera alikuwa dada mmoja ambaye miwani yake ilikaa kichwani kuliko machoni. Alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Mzee wangu, kamera yako ni ya watu wanaotembea kwa madaha. Gari likija kwa kasi ile, itabaki inatafuta fokasi. Ikija kuipata, gari limeshaenda zake."

Akapanga tatu juu ya kaunta. Ya kwanza ilikuwa na picha safi lakini haikuvuta mbali. "Hii inataka usimame katikati ya barabara, na wewe bado tunakuhitaji." Ya pili ilikuwa ndogo ya kubandika kwenye helmeti, aliijaribu, akaona dunia yote imepinda kama ndani ya kijiko. Ya tatu ilikuwa kamkoda nzito, ya mtumba, iliyochubuka kidogo pembeni, yenye lenzi ya kuvuta mbali na uwezo wa kutuliza mtikisiko wa mkono. Tena ilipiga fremu mia na ishirini kwa sekunde, ili picha ikipunguzwa mwendo uweze kuona hata kokoto zinavyoruka.

"Na sauti?" aliuliza.

"Maikrofoni yake ni kali. Itashika hata usichokitaka."

"Nipe hiyo."

Programu ya kuhariri aliichagua mkewe. Ile yao ya harusi ilijaa mioyo na maua, na ukiiambia ipunguze mwendo wa picha ilikwama. Akajaribu nyingine tatu. Moja ilikuwa nzito mpaka kompyuta ikawa inapumua kama mgonjwa wa pumu. Ya pili ilipendeza, lakini kila ukitaka jambo inakupeleka kwenye jambo jingine. Ya tatu ilikuwa mbaya kwa sura, kama fomu ya hospitali, ila ilikuwa nyepesi, na iliweza kuchambua sauti: upepo ukauweka huku, injini kule, maneno ya watu peke yake. Aliichukua kwa ajili hiyo. Alitaka watazamaji wasikie matairi.

Sasa, adhuhuri hii, aliteremsha injini mpaka ikawa kama nyuki wa mbali, akateremsha na upepo. Akachomoa hedifoni ili mumewe, aliyekuja kusimama nyuma ya kiti, naye asikie.

"Kulia kali," sauti ilisema. "Mita mia. Kushoto, ukuta wa matofali. Usikate."

Ilikuwa sauti ya Chiriku. Haraka yake ile ile, na kule kumeza mate kidogo kabla ya neno kushoto.

Baba alikaa chini sakafuni, palepale alipokuwa amesimama. Mama alirudisha nyuma, akasikiliza tena, kisha tena. Mara ya tatu ndipo mama alipotambua kwamba mara ya kwanza sauti iliishia kwenye neno usikate, na sasa imeongeza: "Daraja jembamba. Mita mia nane, nyoosha."

Video ni kitu kimoja ukiirudia mara elfu. Hakuna mtu aliyelijua hilo kuliko yeye. Lakini aliibonyeza tena.

Siku ya pili chumba kilinuka mpira ulioungua. Walifungua madirisha, wakachungulia nyuma ya kompyuta, wakachomoa waya zote na kuzichomeka upya. Harufu ilikaa. Juu ya vibonye vya kompyuta kulikuwa na vumbi jeupe, laini kama unga, lile la machimbo, na baba aliapa kwamba kamera aliifutia dirishani, mbali na kompyuta.

"Kulia kwenye transfoma," sauti ilisema mchana huo. "Mita mia tatu, mteremko. Kushoto kwenye kinu cha unga."

Baba aliweka kikombe chini taratibu. "Hiyo siyo njia ya mashindano."

"Ni ipi?"

"Ni ya kuja huku."

Mama hakushtuka. Hilo ndilo lililomtisha mumewe zaidi ya sauti yenyewe. Macho yake yalilainika kama ya mtu aliyepigiwa simu kwamba mgeni wake ameshuka stendi.

Baba akasema wasiisikilize tena. Akaifungia kamera kabatini, akatia ufunguo mfukoni, akaenda kazini. Lakini video ilikuwa kwenye kompyuta, na aliyeachwa na kompyuta ni mama wa mtoto.

Siku ya tano baba alirudi mchana bila kutarajiwa. Mapazia yalikuwa yamefungwa, chakula cha asubuhi kimeganda kwenye sahani. Mkewe alikuwa ameinama mbele ya skrini kama anayenong'onezwa. Harufu ya petroli ilimkaba baba koo tangu mlangoni.

"Imefika wapi?" aliuliza polepole.

"Kwa msusi."

Saluni ya msusi ilikuwa kwenye kona ya mtaa wao. Kutoka pale ni nyumba nne.

"Zima, tafadhali."

"Anarudi kwao," mama alisema, sauti yake ndogo kama ya mtu anayeogopa kuamsha mtoto. "Mwaka mzima yuko njiani peke yake. Unataka nimzimie?"

Baba alivuta kiti, akakaa, akamshika mikono. "Chiriku alikuwa akirudi hapa amelala kiti cha nyuma, sivyo? Na gari likifika kwa msusi anazinduka mwenyewe, anatafuta viatu. Hata gizani. Hata anaumwa. Lini mwanao alihitaji kusoma daftari ili afike kwao? Huyu anasoma, Mama Chiriku. Anasoma kwa sababu hapajui."

Mama aligeuka, akaipa skrini mgongo. Kisha, kwa mara ya kwanza tangu wiki ianze alilia.

Mganga waliyeelekezwa alikuwa mshona magodoro, mwanamke wa makamo, na kesho yake asubuhi alifika na nyuzi za pamba bado nyweleni. Hakuwa na mengi. Alivaa hedifoni, akasikiliza kwa muda wa pumzi moja, akazivua, akaenda bombani kuosha masikio.

"Si binti yenu," alisema aliporudi. "Ni jini. Machimbo yale yana wenyewe. Siku ya ajali mmoja wao alikuwa karibu na gari, akasikia. Binti yenu alikuwa anasoma mpaka neno la mwisho. Sauti akaiokota hapo. Njia hakuwa nayo. Njia mnampa nyinyi, kila mnapomsikiliza."

"Na mwanangu?" mama aliuliza. "Yuko wapi?"

"Amepumzika, mama. Alipo hakuna barabara."

Kisha akawaambia la kufanya, na hilo lilikuwa zito kuliko jini. Video ya shindano ifutwe. Na si hiyo tu. Kila mahali palipohifadhiwa sauti ya binti yao pafutwe, maana jini akifukuzwa huku atajishika kule.

Mama alijua idadi bila kuhesabu, kwa kuwa alishazisikiliza zote tangu msiba: dakika arobaini na moja. Ujumbe wa simu. Mahafali. Kipande alichokuwa anafanya mazoezi ya kusoma njia sebuleni, ameshika mwiko kama usukani.

"Mimi sikupata hata moja ya kwenye gari," baba alisema, kama anayeomba radhi.

"Atakuja mkiwa mnafuta," mganga alisema. "Msimjibu. Msifungue."

Walianza saa nane mchana, jua kali, mtaa umetulia. Mama mwenyewe ndiye aliyeshika kipanya. Ilipofutwa video ya shindano, kompyuta ilinyamaza, na sauti ikaanza nje.

"Kushoto, saluni. Mita hamsini. Taratibu."

Alifuta mahafali. Alifuta ujumbe wa simu, mmoja baada ya mwingine, na kwa kila mmoja uliotoweka ile sauti ya nje ilisogea, na matairi yakasikika yakisaga kokoto mbele ya geti ingawa kupitia pazia hapakuwa na gari wala kivuli cha gari, na harufu ya mpira na petroli ikaingia chini ya mlango pamoja na vumbi jeupe lililotambaa sakafuni kana kwamba linasukumwa kwa mkono, na hatua zikapanda ngazi mbili za baraza, hatua za mtu aliyechoka, moja ikiburutwa nyuma ya nyingine, mpaka zikasimama, na kitasa kikashuka kidogo, kikarudi, kikashuka tena.

"Mama," ilisema sauti. "Nimekaa sana kwenye gari. Nifungulie."

Mganga aliegemea mlango kwa mgongo, midomo yake inacheza bila sauti. Kwenye skrini lilibaki faili moja, lile la sebuleni. Kidole cha mama kilikuwa juu ya kipanya, hakibonyezi.

"Mama, miguu inaniuma."

Baba alipiga goti kando ya kiti. "Nikusaidie?" alinong'ona. "Nifute mimi?"

Mama alitikisa kichwa. "Wa kwanza kumsikia nilikuwa mimi," alisema. "Alipozaliwa. Wewe ulikuwa unatafuta teksi."

Akabonyeza.

Nje sauti ilikuwa imeanza tena kusema nifungulie, ikakatika katikati ya neno. Kitasa kikapanda mahali pake. Baada ya muda msusi alisikika akicheka na mteja wake kule konani, na pikipiki ikapita. Mganga alifungua mlango, akalifagia vumbi la barazani mpaka nje ya geti, akalimwagia maji, akaaga. Hakutaka hata kukaa.

Chama cha magari kiliambiwa kwamba video imeharibika. Kamera ilirudishwa dukani, na yule dada mwenye miwani hakuuliza sababu. Wakaendelea na harusi zao. Nyumba haikunuka tena, wala kitasa hakikuchezewa, na ukimuuliza mganga atakuambia kazi ile iliisha siku ile ile.

Miezi ikapita. Asubuhi moja, wakinywa chai, baba alianza kucheka peke yake. Alikuwa amekumbuka Chiriku alivyokuwa akimgombeza yule dereva wake kwa simu. Akataka kumwigiza. Akafungua kinywa, akasita, akajaribu tena, kisha akakifunga.

"Alikuwa anasemaje vile?" alimuuliza mkewe. "Sauti yake. Imenitoka."

Mama aliinamia kikombe chake. "Mimi nikijaribu kumkumbuka anavyoniita," alisema, "inakuja ile ya mlangoni. Hiyo tu. Kila siku iko pale, inasubiri nikae kimya."

Baba alinyoosha mkono, akawasha redio.

Tangu hapo redio ya nyumba ile haizimwi, mchana wala usiku, hata wakiwa wamelala. Majirani wanadhani wazee wale wanapenda sana kusikiliza habari.